UZI: Mystery of the Wax Museum (1933) katika diski iliyokarabatiwa. Tuitazame filamu ya rangi mbili kwa macho gani?

#1 MtazamajiWaZamani (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wanajukwaa.

Kwa majuma matatu sasa nimekuwa nikiitazama na kuirudia filamu ya mwaka 1933 iitwayo Mystery of the Wax Museum, iliyoongozwa na Michael Curtiz katika studio za Warner Bros. Ninaitazama kupitia diski ya Blu-ray iliyotolewa na Warner Archive mwaka 2020, baada ya filamu hiyo kukarabatiwa na hifadhi ya filamu ya chuo kikuu cha UCLA kwa kushirikiana na The Film Foundation. Kila ninayemwalika kuitazama huuliza swali lilelile kabla ya dakika ya kumi: mbona hakuna bluu? Swali hilo ni la haki kabisa, na ni kwa sababu ya jibu lake nimeona nifungue uzi huu.

Kwa wasiokijua kisa, nitakisimulia kwa ufupi na bila kuwaharibia mwisho. Ivan Igor, anayeigizwa na Lionel Atwill, ni mchongaji wa sanamu za nta mwenye jumba la maonyesho mjini London mwaka 1921. Mshirika wake wa kibiashara analitia moto jumba hilo ili wavune fedha za bima, na kazi yote ya mikono ya Igor inayeyuka mbele ya macho yake. Miaka 12 baadaye anafungua jumba jipya New York. Mikono yake imeungua kiasi kwamba hawezi tena kuchonga mwenyewe, na Florence, mwandishi wa habari anayeigizwa na Glenda Farrell, anaanza kujiuliza kwa nini sanamu mpya zinafanana mno na watu waliofariki karibuni. Charlotte, msichana ambaye sura yake inamkumbusha Igor sanamu yake iliyoungua ya Marie Antoinette, malkia wa zamani wa Ufaransa, anaigizwa na Fay Wray, ambaye mwaka huohuo alionekana katika King Kong.

Turudi kwenye rangi. Filamu hii ilipigwa kwa mfumo wa Technicolor wa rangi mbili, yaani nyekundu inayoelekea chungwa na kijani kinachoelekea bluu, na zaidi ya hizo hakuna. Katika lugha yetu rangi nyingi tumeziita kwa majina ya vitu: manjano ni ya mzizi unaotiwa kwenye pilau na mchuzi, zambarau ni ya tunda, samawati ni ya mbingu, kahawia ni ya kahawa. Nikiwa na orodha hiyo kichwani, ninaweza kuwaambia kwa usahihi kilichomo na kisichokuwemo katika filamu hii. Mbingu haimo. Zambarau haimo. Manjano halisi hayamo, ingawa kuna rangi ya chungwa iliyopauka inayojitahidi kukaa mahali pake. Kahawa imo kwa wingi, na majani yamo, ila ni majani yaliyokaa kivulini, yenye uzito na ubaridi. Na ngozi ya binadamu imo, kwa namna ambayo filamu nyingi zenye rangi zote hazijanipa.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba filamu hii imepotea. Hasi asilia, yaani mkanda wenyewe uliopigwa ndani ya kamera, haipo tena. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilipatikana kopi moja ya rangi katika mkusanyiko binafsi wa Jack Warner, aliyekuwa mkuu wa studio, na kopi hiyo moja ikawa ndiyo mzazi wa karibu kila tulichokiona baadaye. Ilikuwa ya naitreti, yaani filamu ya aina ya zamani inayowaka kwa urahisi, na ilikuwa na mikwaruzo na mapengo. Mimi mwenyewe niliijua kwanza kupitia DVD ya mwaka 2003 ya House of Wax, ambayo ni filamu ya mwaka 1953 yenye kisa hikihiki. Ile ya 1933 iliwekwa humo kama nyongeza tu. Nakumbuka nilidhani kwamba rangi mbili maana yake ni waridi iliyofifia juu ya kijivu, na kwamba wazee wetu walikuwa watu wa kuridhika na kidogo. Nilikosea. Nilikuwa nikihukumu kopi, nikidhani ninahukumu filamu.

Ukarabati uliofanywa UCLA chini ya Scott MacQueen, kwa fedha za George Lucas Family Foundation, ulitumia kopi ya Jack Warner pamoja na kopi nyingine ya Kifaransa iliyosaidia kuziba mapengo. Matokeo yake yanaonekana tangu tukio la kwanza. Ni usiku wa mvua London, barabara inang'aa, na weusi wa usiku huo ni mweusi kweli, wenye kijani ndani yake kama maji ya kisima kirefu. Kisha tunaingia ndani kwenye joto la nta na mavazi ya kihistoria, na nyekundu inachukua nafasi. Moto unapozuka, sehemu yote hiyo ya filamu inakuwa pambano la rangi mbili zilizopo, na sioni pengo la rangi ya tatu popote. Nyuso za nta zinalainika, zinateremka kama mshumaa ulioachwa dirishani, na kwa mara ya kwanza katika diski hii nimeweza kuona kwamba kila uso unayeyuka kwa rangi yake.

Nawaomba wenye diski waeleze wameona nini, na wasio nayo waulize.

#2 Mama_Watatu

Ahsante kwa maelezo. Naomba kujua jambo moja tu: inafaa kutazamwa na watoto? Wangu mkubwa ana miaka 13 na mdogo ana 6.

#3 MtazamajiWaZamani

Dada yangu, wa miaka 13 ataiweza. Huyo wa miaka 6 nisingemwekea, kwa sababu kuna tukio katika chumba cha maiti na kuna uso ulioungua unaoonyeshwa kwa karibu. Filamu hii ilitolewa kabla ya kanuni za maadili za Hollywood kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, kwa hiyo inazungumza waziwazi pia juu ya pombe na dawa za kulevya.

#4 FundiWaChumbaCheusi

Nimeusoma uzi huu mara mbili, na ningependa kuongeza upande wa ufundi, kwa kuwa nilifanya kazi ya kusafisha picha kwa miaka 26 katika studio moja ya Tanga, na kurekebisha rangi kwa vichujio ndiyo iliyokuwa riziki yangu.

Watu wengi wanadhani filamu hizi zilipigwa kwa mkanda wa rangi. Sivyo. Mkanda uliokuwa ndani ya kamera ulikuwa wa picha nyeusi na nyeupe. Nyuma ya lenzi kulikuwa na prizimu iliyogawa mwanga mafungu mawili. Fungu moja lilipita katika kichujio chekundu na jingine katika kichujio cha kijani, na yote mawili yalipiga mkanda mmoja kwa wakati mmoja, picha moja ikiwa wima na mwenzake akiwa kichwa chini. Kwa hiyo kila sekunde ya filamu ilikula mkanda mara mbili ya kawaida. Na kwa kuwa mwanga ulikuwa umegawanywa na kuchujwa, taa zilizohitajika zilikuwa nyingi na kali mno. Hapo ndipo ilipo taabu ambayo kila anayeipenda filamu hii anapaswa kuifahamu: walikuwa wakipiga filamu kuhusu nta, chini ya taa zinazoyeyusha nta. Baadhi ya sanamu mnazoziona ni watu walio hai, waliosimama wameganda kwa sababu sanamu halisi zisingestahimili joto. Tazameni vizuri macho na mabega yao.

Baada ya hapo huja kazi ya maabara. Kutokana na hasi hiyo walitengeneza mikanda miwili ya jelatini yenye mabonde na miinuko, mmoja wa kumbukumbu ya nyekundu, yaani picha iliyopita katika kichujio chekundu, na mmoja wa kumbukumbu ya kijani. Mkanda wa kumbukumbu ya nyekundu ulichovywa katika rangi ya kijani-bluu, na ule wa kumbukumbu ya kijani ukachovywa katika rangi ya nyekundu-chungwa. Kisha kila mmoja uligandamizwa kwa zamu juu ya mkanda mtupu, ukaiacha rangi yake hapo, kama muhuri unavyoacha wino. Mfumo huu wa kugandamiza ulianza kutumika mwaka 1928. Kabla yake, tangu The Toll of the Sea ya mwaka 1922, Technicolor walikuwa wakigundisha mikanda miwili mgongo kwa mgongo, na mikanda hiyo ilipinda kwa joto la projekta hadi picha ikapoteza ukali wake.

Kwa hiyo anaposema mwanzisha uzi kwamba ngozi imo, anasema kweli, na si bahati. Rangi hizo mbili zilichaguliwa kwanza kwa ajili ya uso wa mtu. Ukiwa na nafasi ya rangi mbili tu, unaanza na uso, halafu unaiacha mbingu ijitafutie. Hata sisi studio, mteja angeweza kuvumilia pazia lililokosa rangi yake, lakini uso ukitoka na kijani alirudisha picha.

#5 DukaLaLeso

Shikamoo mzee wangu wa #4. Umenifumbua macho, kwa sababu unachokieleza ni kazi ninayoifahamu kutoka upande mwingine. Mimi nauza leso Mombasa, na mama yangu aliuza kabla yangu. Kisutu, leso ile ya arusi, ni nyekundu na nyeusi juu ya kitambaa cheupe, na kila rangi huwekwa kwa zamu yake. Zikikaa sawasawa, mteja haoni kwamba ni rangi mbili. Anaona kitu kimoja kilichokamilika. Zikipishana hata kidogo, pindo linakuwa na mstari mweupe upande mmoja na doa la giza upande wa pili, na leso hiyo haipati bei.

Swali langu ni hili. Katika filamu hiyo, kwa kuwa rangi ziligandamizwa kwa zamu, je, hazikupishana? Na kama zilipishana mwaka 1933, mkarabati ana haki ya kuzipanga upya?

#6 FundiWaChumbaCheusi

Marahaba binti yangu. Umeuliza swali la fundi.

Zilipishana, ndiyo, katika baadhi ya kopi na baadhi ya sehemu, ingawa mashine za Technicolor zilikuwa na pini za kushikilia mikanda hiyo kwa usahihi mkubwa. Pia rangi ilisambaa kidogo ndani ya jelatini ya mkanda uliopokea, na ndiyo maana filamu hizi zina ulaini fulani kwenye kingo. Ulaini huo msiulaumu kwa diski. Uko kwenye kopi yenyewe, na mtu akiunoa kwa kompyuta atapata kingo kali zenye uzi mweupe pembeni, jambo baya kuliko ulaini wenyewe.

Kuhusu haki ya kupanga upya, mimi nasema anayo. Kupishana halikuwa kusudi la mpiga picha Ray Rennahan wala la Curtiz. Lilikuwa kosa la mashine siku ile. Kukosekana kwa bluu ni jambo la namna nyingine kabisa, kwa sababu hilo kila mtu aliyefanya kazi pale alilijua mapema akalipangia.

#7 Mwanateknolojia_KE

Naomba nitofautiane nanyi kwa heshima. Tuko katika zama za akili mnemba. Ipo programu leo inayoweza kutambua kwamba kile ni anga, yale ni macho ya bluu, na ile ni suti ya bluu, ikavitia rangi inayostahili. Mbona tunautukuza upungufu? Hata watu wa wakati ule walitaka rangi kamili, na walipoipata waliiacha hii ya rangi mbili mara moja. Ninyi mnaipenda kwa sababu ni kongwe.

#8 MtazamajiWaZamani

Ndugu yangu, hoja yako nzito nitaijibu kwa uzito wake.

Ni kweli kwamba watu walitaka rangi kamili. Mwaka 1932, kabla filamu hii haijafika kwenye kumbi, Walt Disney alikwisha kutoa Flowers and Trees, katuni fupi ya kwanza iliyotumia Technicolor ya rangi tatu, na mwaka 1935 ikaja Becky Sharp, filamu ndefu ya kwanza iliyopigwa yote kwa mfumo huo. Filamu yetu, basi, ilizaliwa ikiwa tayari imepitwa. Ni kweli pia kwamba watazamaji walikwisha kuchoshwa na rangi mbili. Kati ya 1929 na 1930 studio zilitoa filamu za muziki za rangi mfululizo, nyingine zikiwa zimefanywa haraka, na watu wakaacha kwenda. Warner walikuwa bado na mkataba na Technicolor, na badala ya kupiga muziki mwingine wakaupeleka mfumo huo kwenye hofu. Walianza na Doctor X mwaka 1932, kisha hii, wakiwatumia mwongozaji yuleyule Curtiz, mpiga picha yuleyule Rennahan, mbunifu wa mandhari yuleyule Anton Grot, na waigizaji wale wawili Atwill na Wray.

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Katika filamu za muziki za 1929, wabunifu waliweka jukwaani kila kitu chenye kung'aa na kuiomba kamera ifanye inavyoweza. Grot alifanya kinyume. Aliutazama mfumo wenye kijani kizito na wekundu wa ngozi, akaona kwamba huo tayari ni mwanga wa karakana ya chini ya ardhi, na akajenga karakana hiyo. Kuta zake zimeinama, vivuli vyake vina kijani, na katikati kuna pipa kubwa la nta ya waridi inayotokota. Ukiniambia programu yako itatia bluu katika chumba hicho, nitakuuliza itaitia wapi, kwa maana kila kilichowekwa pale kiliwekwa kwa kuwa kitatokea vizuri katika rangi mbili. Kitambaa ambacho mbele ya kamera kilikuwa na rangi fulani kilichaguliwa kwa jinsi kitakavyotoka kwenye kopi, si kwa jinsi kilivyoonekana dukani. Programu ikikirudisha kwenye rangi ya dukani, itakuwa imekivua vazi aliloazimia mbunifu.

#9 FundiWaChumbaCheusi

Naongeza jambo moja dogo kwa kijana wa #7. Programu hiyo haitairudisha bluu, itaibuni. Kwenye hasi ya rangi mbili, kitambaa cha bluu na kitambaa cha kijani kizito vinaweza kuacha alama ileile. Hakuna mtu wala mashine inayoweza kuvitenganisha baadaye kwa kutazama alama hiyo. Katika studio tuliwahi kuletewa picha za zamani nyeusi na nyeupe tuzitie rangi kwa mkono, nasi tulizitia, na familia zilifurahi, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyedai kwamba gauni la bibi lilikuwa kweli la rangi ile.

#10 Mwanateknolojia_KE

Mzee wangu, hapo kwenye alama ileile umenishika. Sikuwa nimefikiria kwamba habari yenyewe haimo kwenye mkanda. Naiondoa hoja ya kurudisha, ingawa naibakiza ile ya kwamba mtu nyumbani kwake ana uhuru wa kuitazama apendavyo.

#11 Msafiri_Maskati

Uhuru huo anao, lakini televisheni yake humwamulia kabla yeye hajaamua. Kwa faida ya wenye diski, naomba nieleze nilichokifanya hapa Maskati, maana usiku wa kwanza nilidhani nimeuziwa diski mbovu.

Televisheni yangu ilikuwa imewekwa kwenye hali ile ya kung'arisha ambayo madukani huiacha ili kuvuta wateja. Hali hiyo inaongeza bluu kwenye weupe na kukoleza kila rangi. Kwa mpira inavumilika. Kwa filamu ya rangi mbili ni maangamizi, kwa sababu wekundu wa ngozi unageuka kuwa matofali na kijani kinakuwa cha taa za barabarani. Nilibadilisha nikaweka hali ya filamu, yenye weupe wa joto, na nikazima kile kipengele cha kulainisha mwendo kinachofanya kila kitu kionekane kama tamthilia ya mchana. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya mashine ya bei rahisi na ya bei ghali.

La pili ni umbo la picha. Filamu ya wakati ule karibu ni mraba, kwa hiyo ni lazima kuwe na nguzo mbili nyeusi kulia na kushoto. Msiivute ijaze kioo. Binamu yangu aliivuta, na Glenda Farrell akawa mnene ghafla. Pia diski hii haijafungiwa kanda moja ya dunia. Mashine yangu niliyoinunua hapa Ghuba iliisoma bila kuuliza.

Mwisho, diski ina maelezo ya sauti ya watu wawili tofauti yanayoweza kusikilizwa sambamba na filamu. Mmoja ni Alan K. Rode, aliyeandika kitabu cha maisha ya Curtiz, na mwingine ni Scott MacQueen mwenyewe aliyesimamia ukarabati. Kuna pia mazungumzo na Victoria Riskin, binti wa Fay Wray, kuhusu mama yake. Nashauri aanze MacQueen. Mtu aliyeishi na kila picha ya filamu huzungumza tofauti na mtu aliyeisoma.

#12 Mhakiki_Dodoma

Nimeitazama jana baada ya kusoma uzi huu, na nataka kuwa mkweli. Rangi ni nzuri sana. Filamu yenyewe haiko sawasawa. Nusu ya muda inatumika kwa mwandishi wa habari anayerushiana maneno na mhariri wake, na maneno hayo yanakwenda kasi mno hata kwa mtu anayekijua Kiingereza. Kila filamu ilipoanza kunishika kwa hofu, ilinitoa na kunipeleka ofisini. Na ule mwisho wake wa kukubaliana ndoa ghafla sikuuamini hata kidogo.

#13 MtazamajiWaZamani

Kuhusu mwisho nakubaliana nawe kabisa; ni mbaya, na hakuna ukarabati utakaousaidia.

Kuhusu Glenda Farrell ninakataa. Tazama tena ukizingatia rangi. Ofisi ya gazeti na barabara za New York zina mwanga mweupe, wa kawaida, karibu hazina rangi, na Farrell ndiye anayepita humo na midomo yake myekundu. Bila saa hizo za ofisini, kijani cha karakana tungekizoea, na macho yangeacha kukiona. Katika kopi ya zamani niliyokuwa nayo tofauti hiyo haikuwepo, kwa sababu kila mahali palikuwa na rangi moja ya majivu, na mimi pia wakati ule nilichoshwa na mwandishi huyo kama wewe. Diski ndiyo iliyonibadilisha.

#14 Mama_Watatu

Nami nimeitazama na yule wa miaka 13. Aliuliza kama kuna nyingine kama hii.

#15 Msafiri_Maskati

Mtafutie Doctor X, ambayo imekwisha kutajwa hapo juu. Nayo ilikarabatiwa na UCLA, na Warner Archive waliitoa kwa Blu-ray mwaka 2021. Uzuri wake ni kwamba ilipigwa mara mbili, kwa rangi na kwa nyeusi na nyeupe, na diski ina zote mbili. Anaweza kutazama tukio moja kwa njia zote mbili na kuamua mwenyewe rangi iliongeza nini. Lakini awe tayari kwa vichekesho vingi zaidi kuliko hii.

#16 DukaLaLeso

Niliagiza diski kupitia ndugu yangu aliyekuwa safarini, ikafika Jumatano. Nimeitazama mara mbili kwa siku mbili, ya pili bila sauti, ili nitazame rangi peke yake kama ninavyotazama mzigo mpya wa leso kabla ya kusoma jina.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelisema hapa, na ninaomba mzee wa #4 anisahihishe nikikosea. Kwa maelezo yake, kila chenye wekundu katika filamu hii kimetokana na chombo kimoja cha rangi, ile nyekundu-chungwa. Nilipoliona pipa la nta ya waridi likitokota nilisimamisha picha. Kisha nikasogeza mbele hadi kwenye uso wa Fay Wray amelazwa chini ya pipa hilo, nikasimamisha tena. Ni rangi ileile. Shavu la msichana, nta ya pipani, na uso wa sanamu ya Marie Antoinette ulioyeyuka mwanzoni, vyote vilichovywa katika chombo kimoja na kugandamizwa na mkanda mmoja. Igor anataka nta iwe kama ngozi, na kwenye filamu hii tayari ndivyo ilivyo.

#17 FundiWaChumbaCheusi

Binti yangu, hujakosea. Nimeshika vichujio nusu ya maisha yangu na sikuliona hilo. Leo jioni nitaiweka tena, nami nitasimamisha picha hapohapo.